Je, Wajua? Begi la Dharura

Je, wajua kwamba Mei 22, 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka bila onyo, na wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), wakakimbia usiku, wengine wakivuka mpaka hadi Rwanda? Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa mingi ihame, na malaki ya watu wakashika njia. Siku kama hiyo hakuna muda wa kupanga. Hubebwa kilichofungashwa mapema.

Je, wajua kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja? Mtu huhitaji takribani lita tatu kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni kilo 45! Kila mmoja abebe chupa yake, begini viwemo vidonge vya kutibu maji, na dumu likae mlangoni iwapo usafiri utapatikana.

Je, wajua kwamba karatasi ni nyepesi kubeba lakini ni kazi kuzipata upya? Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto na hati ya kiwanja vitie kwenye mfuko wa plastiki. Kamua hewa, kunja mdomo mara mbili, funga kwa mpira, kisha tia kwenye mfuko wa pili. Picha za karatasi hizo mtumie ndugu anayeishi mji mwingine.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa presha, kisukari, pumu au anayetumia ARV hapaswi kukatiza dozi hata akiwa safarini? Andika jina la dawa na kipimo chake, ili zahanati ya ugenini ijue pa kuanzia.

Je, wajua kwamba mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, humrudishia maji mwilini? Tia kijiko begini.

Je, wajua kwamba milio mitatu mfululizo ya filimbi ni ishara ya kuomba msaada? Sauti hukauka, filimbi haichoki.

Je, wajua kwamba betri zikikaa muda mrefu ndani ya tochi huweza kuvuja na kuiharibu? Zifunge kando.

Je, wajua kwamba mtandao ukikatika, wakala hawezi kukutolea pesa? Weka noti ndogo ndogo.

Je, wajua kwamba maji ya mafuriko yenye kina cha sentimita 15 tu, yakienda kasi, huweza kumwangusha mtu mzima? Ukiambiwa hama, hama. Begi likisahaulika, usilirudie.

Je, wajua kwamba Japani huadhimisha siku ya kujikinga na majanga kila Septemba 1, kukumbuka tetemeko la mwaka 1923? Nasi tuna kalenda yetu: kabla ya masika na kabla ya vuli, fungueni begi pamoja. Ondoeni dawa zilizopitwa na wakati, badilisheni nguo zisizomtosha mtoto tena, na kila mmoja ajue begi liko wapi na mtakutana wapi mkipotezana.