Kocha wetu wa Nakivale hakurudi nyumbani

JIONI moja ya mwaka 1991, katika uwanja wa vumbi wa shule yetu ya msingi, kambi ya Nakivale, kocha alipuliza filimbi. Nilikuwa nimempiga chenga mwenzangu, akaanguka, nikacheka. "Muinue kwanza," akaniambia, "ndipo uendelee na mpira wako."

Naye alikuwa mkimbizi, wa kizazi cha 1959. Ujanani alikuwa kiungo wa timu ya chuo chake cha ualimu, na mashabiki wa Mbarara walimjua. Klabu moja ya mjini ilimtaka, lakini ikamdai hati ya uraia. Hakuwa nayo. Akarudi kambini kufundisha hesabu asubuhi na mpira jioni.

Familia yetu iliingia Nakivale mwaka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa vijijini Ankole. Mipira tuliitengeneza kwa majani makavu ya migomba na kamba. Kocha alitusimulia habari za Philip Omondi wa KCC, aliyefunga mabao 3 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1978, Uganda ilipofika fainali na kufungwa 2-0 na Ghana mjini Accra. Omondi naye aligeuka kocha wa KCC kabla ya kufariki 1999.

Mwaka 1994 tukafunga mizigo, tukarudi Rwanda kupitia Kagitumba. Kocha akabaki. Sisi tukitoka, Wanyarwanda wengine walikuwa wakiingia, wakikimbia upande tuliokuwa tukiuendea. Akaanza kuwafundisha watoto wao. Wazee wetu walikasirika. Baba yangu alikataa hata kumuaga. Mimi pia nilinuna kwa miaka mingi.

Siku hizi nami ni mwalimu, na Jumamosi nashika filimbi. Darasani nina watoto ambao wazazi wao hawasalimiani. Mmoja akianguka, najisikia nikisema maneno yale yale.

Nilipopita Mbarara, nilikwenda hadi Nakivale kumtafuta. Nilimkuta kiambazani, magoti yamechoka, akitazama Wakongo, Warundi na Wasomali wakicheza timu moja.

"Shikamoo, mwalimu. Baba hakukuaga. Nimekuja kukuaga kwa niaba yake."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Kaa kwanza. Mpira haujaisha."