Kombaini kuukuu: Bei ipangwe na bamba, si rangi

MNUNUZI wa kombaini ya mtumba huonyeshwa kwanza rangi na matairi, kisha hutajiwa bei. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomweleza kama vipuri vyake bado vinapatikana. Kwa mkulima wa ngano wa Narok, Uasin Gishu au Hanang, kosa la namna hiyo hugundulika wakati wa mavuno: mashine imesimama, mkanda ulioletwa haulingani, na mvua inainyeshea ngano iliyokwisha kukauka.

Jina lililoandikwa ubavuni ndiyo hatua ya kwanza. Kampuni ya Massey-Harris ya Kanada iliungana na ya Harry Ferguson mwaka 1953, na kuanzia mwaka 1958 ikaitwa Massey Ferguson. Hivyo, kombaini nyekundu yenye jina la Massey-Harris ni ya kizazi cha kale zaidi. Miongoni mwake ni 780, iliyotengenezwa Kilmarnock, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980.

Jina Clayson linatoka Zedelgem, Ubelgiji, ambako familia ya Claeys ilitoa kombaini ya kujiendesha yenyewe mwaka 1952. Sperry New Holland ilinunua hisa nyingi za kampuni hiyo mwaka 1964, na majina hayo mawili yakawa yanaonekana pamoja.

Kwa International, mnunuzi afungue milango ya ubavuni. Mwaka 1977 kampuni hiyo ilitoa Axial-Flow 1440 na 1460, ambazo hupura kwa rota ndefu iliyolazwa kuelekea nyuma. Akikuta ngoma iliyokingama na vitikisio vya mabua, hiyo ni ya muundo wa zamani. Jina Case IH lilikuja mwaka 1985.

Claas ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Jina Dominator limetumika tangu miaka ya 1970 kwa mashine nyingi za ukubwa tofauti. Kuagiza "kipuri cha Dominator" bila kutaja namba ya aina ni kutupa fedha.

Mitego nayo ipo. Rangi hupakwa upya, vibandiko huhamishwa, na kibanda cha dereva huweza kuongezwa baadaye. Namba ya injini pia si ushahidi, kwani injini hubadilishwa. Za Perkins, kwa mfano, zilifungwa kwenye kombaini za Massey Ferguson na za Claas pia. Jukwaa la kufungia magunia, badala ya tangi la nafaka, ni dalili ya mashine ya zamani sana.

Ushahidi wa kutegemewa ni bamba la chuma lenye aina na namba ya mashine. Mnunuzi alisafishe, anakili kila herufi, kisha apime upana wa ngoma na kuhesabu vitikisio. Maelezo hayo yapelekwe kwa muuza vipuri kabla ya kutoa malipo ya awali, na aulizwe bei ya mikanda, beringi na visu.

Bamba likiwa limeng'olewa na vipimo havilingani na maelezo ya muuzaji, mashine hiyo ithaminiwe kama ya kukatwa vipuri tu. Anayelipa zaidi ya hapo ananunua rangi.