Nakala Iliyotengwa: Kinga ya Biashara za Pemba dhidi ya Programu za Kikomboleo

Biashara nyingi kisiwani Pemba hufuata msimu wa karafuu. Mwenye duka la jumla Chake Chake, Wete au Mkoani hukopesha bidhaa akitarajia kulipwa baada ya mavuno, na mali yake kubwa kwa miezi hiyo ni orodha ya wadaiwa. Orodha hiyo inapohama kutoka daftari kwenda kompyuta, kupotea kwa faili moja ni kupotea kwa madeni yenyewe.

Programu ya kikomboleo husimba mafaili, yaani huyafunga kwa ufunguo wa siri ulio mikononi mwa mshambuliaji, kisha hudai malipo ili yafunguliwe. Huingia kwa kiambatisho cha barua pepe, kwa nywila dhaifu au iliyoibwa, au kupitia kasoro ya mfumo isiyozibwa. WannaCry ilitumia njia hii ya mwisho tarehe 12 Mei 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kasoro hiyo tangu Machi, lakini kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika.

Masasisho na nywila imara hupunguza uwezekano wa kushambuliwa, lakini haviuondoi. Kinachoamua iwapo biashara itaendelea baada ya shambulio ni nakala rudufu, na hasa mahali ilipo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya meli ya Maersk. Juni 2017 NotPetya, iliyojifanya programu ya kikomboleo ilhali kulipa hakukuweza kurejesha chochote, iliharibu seva zilizobeba orodha ya watumiaji na ruhusa za mtandao wake wote. Seva hizo zilikuwa zikinakiliana, hivyo ziliangamia pamoja. Moja tu ilisalimika, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikatika kabla ya shambulio na kuitenga na mtandao. Kwa Pemba, inayopata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, kukatika kwa umeme huhesabiwa kuwa adui wa kompyuta; huko kuliokoa kampuni.

Kwa hiyo diski ya nje inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta ya duka si kinga: programu itaisimba pamoja na mafaili mengine. Diski ichomekwe wakati wa kunakili tu, ichomolewe, na nakala nyingine ihifadhiwe katika jengo tofauti.

Nakala ina mpaka wake. Baadhi ya washambuliaji huiba taarifa kabla ya kuzifunga na kutishia kuzichapisha. Naivas, kampuni ya maduka makubwa nchini Kenya, ilikiri Aprili 2023 kushambuliwa na programu ya aina hii, na taarifa zake zikaibwa. Nakala hairudishi siri iliyokwisha kutoka. Hapo mwenye biashara hubaki na njia ya kuripoti polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar pia.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni jaribio la kurejesha. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa katika kompyuta nyingine haijulikani kama inafaa. Jaribio hilo lifanywe kabla ya msimu kufunguliwa, wakati kumbukumbu zilizokosekana bado zinaweza kuandikwa upya kutoka kwenye daftari la karatasi.