Lebo za redio katika beji za wageni: zinavyofanya kazi na zinavyoweza kumwondolea mwananchi ulazima wa kuacha kitambulisho langoni

Mwananchi anayefika katika ofisi ya umma kwa kawaida huanzia langoni. Huandika jina lake, namba ya simu na ofisi anayoiendea katika daftari la wageni, kisha hukabidhiwa beji yenye neno MGENI na namba, aivae shingoni hadi atakapotoka. Katika baadhi ya ofisi huombwa pia aache kitambulisho chake cha Taifa, kadi ya mpiga kura au leseni ya udereva, ambacho hurejeshewa anaporudisha beji.

Utaratibu wa kuacha kitambulisho umedumu kwa sababu kwa kiasi kikubwa unafanya kazi: asiyerudisha beji hukosa kitambulisho chake. Hata hivyo, mzigo wake humwangukia mgeni peke yake. Aliyetokea mlango mwingine, au aliyekumbuka beji akiwa tayari ndani ya basi, huwa ameacha langoni kadi ambayo kesho yake ataihitaji benki au safarini. Kwa Tanzania Bara, saa za kazi katika ofisi za Serikali huishia saa 9:30 alasiri, na aliyesahau siku ya Ijumaa huenda akasubiri hadi Jumatatu. Wakati huo wote kitambulisho chake kimo katika droo ya kibanda cha walinzi pamoja na vya watu wengine, na kosa dogo la kukabidhi kadi ya mtu kwa mwingine laweza kumsumbua mwenye kadi kwa muda mrefu.

Pale ambapo kitambulisho hakiachwi, kinachopotea ni beji. Wachache huondoka nazo kwa makusudi; wengi huzitia mfukoni au mkobani na kuzisahau. Thamani ya kipande kile cha plastiki ni ndogo, lakini mtumishi aliyeko ghorofa ya tatu akiona beji shingoni mwa mtu huamini kuwa amekwishasajiliwa chini, na hamuulizi tena. Beji iliyotoka Jumatatu mfukoni mwa mtu msahaulifu yaweza kurudi Alhamisi shingoni mwa mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Ikiwa beji hiyo pia hufungua milango, hatari huongezeka.

Lebo za redio hutumika kupunguza tatizo hilo. Teknolojia yake, inayojulikana kwa kifupi cha RFID, si ngeni: maktaba nyingi huitumia kulinda vitabu, na baadhi ya maduka makubwa huitumia kutambua bidhaa inayotoka bila kulipiwa. Ndani ya lebo kuna chipu ndogo yenye namba ya pekee, pamoja na antena nyembamba ya shaba au alumini. Lebo za aina hii nyingi hazina betri. Kisomaji kilicho langoni hutoa mawimbi ya redio, antena ya lebo huyapokea na kuyageuza kuwa umeme kidogo unaotosha kuiamsha chipu, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Kompyuta hulinganisha namba hiyo na orodha ya beji zilizotolewa siku hiyo.

Umbali wa kusomwa hutegemea masafa. Kadi nyingi za kugusisha mlangoni hutumia masafa ya megahezi 13.56 na husomwa zikiwa ndani ya takribani sentimita 10 kutoka kwenye kisomaji. Lebo za masafa ya juu zaidi, kati ya megahezi 860 na 960, husomwa kutoka mita kadhaa, hivyo zinaweza kutambuliwa mtu anapopita bila yeye kufanya lolote. Kila nchi hupanga sehemu ya masafa hayo inayoruhusiwa kutumika. Kwa Tanzania jukumu hilo ni la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ofisi inayonunua vifaa hivyo inapaswa kuhakikisha mapema kuwa vinakubalika.

Kutokana na tofauti hiyo zimezaliwa njia mbili. Ya kwanza ni sanduku la kurudishia beji. Mgeni anayetoka hutumbukiza beji katika tundu lililo kando ya kizuizi cha kutokea. Kisomaji kilicho ndani hutambua namba, beji hudondoka sandukuni na kizuizi hufunguka. Hakuna king'ora na hakuna mabishano, kwa kuwa asiyetumbukiza beji hapiti. Njia hii huhitaji mlango mmoja wa kutokea wageni, jambo ambalo majengo ya zamani yenye malango matatu au manne huliweza kwa shida.

Njia ya pili ni lango linalohisi. Antena huwekwa pande mbili za mlango, na beji ya mgeni ikikaribia, taa huwaka au kengele hulia ili mlinzi amkumbushe aliyesahau. Njia hii haimsimamishi mtu, na inamfaa hata anayebeba mtoto au mizigo. Upungufu wake ni kuwa mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, hunyonya mawimbi ya masafa ya juu. Beji iliyoning'inia kifuani juu ya nguo husomwa vizuri. Ileile ikiwa katika mfuko wa nyuma wa suruali, imebanwa na mwili, yaweza kupita kimya. Chuma nacho huzuia mawimbi. Kinyume chake, antena ikiongezewa nguvu kupita kiasi husoma hata beji zilizopangwa juu ya meza ya mapokezi, na kengele hulia bila sababu. Kengele inayolia mara ishirini kwa siku huacha kusikilizwa, na hapo fedha zote zilizotumika huwa zimepotea. Kwa ofisi yenye lango moja, sanduku la kurudishia ndilo chaguo la busara zaidi, ingawa halivutii macho kama lango la taa.

Ipo pia aina ya lebo zenye betri zinazotumia Bluetooth, ambazo hutoa ishara zenyewe kila baada ya muda mfupi. Hospitali huzitumia kutafuta vifaa vinavyohamishwa kutoka wodi moja hadi nyingine. Kwa beji ya mgeni anayekaa saa moja ofisini ni nyingi mno: betri huisha, bei ni kubwa zaidi, na huweza kuonesha kila chumba alichoingia mtu.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, zisizidi kinachohitajika, na zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko lengo hilo linavyodai. Kwa lebo za beji, maana yake ni kwamba chipu haihitaji kubeba jina, namba ya NIDA wala picha. Namba ya beji inatosha. Jina hubaki katika orodha ya mapokezi, likiunganishwa na namba hiyo kwa muda wa ziara na kipindi kifupi kilichowekwa na ofisi. Beji ikiokotwa njiani, aliyeiokota hapati humo taarifa yoyote ya aliyeivaa. Mgeni ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje, na anayeona zimetumika isivyo anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Lebo pekee haitoshi. Kadi za aina ya zamani za kilohezi 125 hutaja namba moja isiyobadilika, ambayo kifaa cha bei nafuu huweza kuinakili. Na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walionesha udhaifu wa MIFARE Classic, kadi iliyokuwa imeenea sana duniani. Kwa hiyo mfumo unapaswa kuifuta ruhusa ya kila beji ya mgeni siku inapoisha, hata kama beji yenyewe haijarudi. Ofisi isiyo na uwezo wa kununua visomaji inaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kubadilisha rangi ya beji kila siku, ili beji ya jana ijulikane kwa macho. Lebo zenyewe ni rahisi zikinunuliwa kwa wingi. Gharama iko katika visomaji, umeme wa uhakika na mtu wa kuangalia mfumo.

Jambo moja halina mjadala: kizuizi chochote cha kutokea lazima kifunguke chenyewe kengele ya moto inapolia au umeme unapokatika. Beji kumi zilizopotea si sababu ya kumfungia mtu ndani ya jengo linaloungua.

Ofisi ikishakuwa na njia ya kuikumbuka beji kabla ya mgeni kuvuka lango, sababu kuu ya kushikilia kitambulisho chake huondoka. Mlinzi anaweza kukiangalia, kulinganisha sura na jina, kisha kumrudishia mwenyewe papo hapo.

Mwananchi aliyejikuta nyumbani na beji ya ofisi anashauriwa kupiga simu katika ofisi husika siku hiyohiyo na kutaja namba iliyoandikwa juu yake, ili ifutwe, kisha kuirudisha anapopata nafasi. Asiitoboe wala kuikunja, kwa kuwa antena iliyo ndani ikikatika beji haitasomeka tena, wala asimpe mtu mwingine aende nayo ofisini kwa niaba yake akiwa ameivaa.