Vyura wa Temeke na Tope la Vyooni

Mvua za masika zinapopamba moto jijini Dar es Salaam, katika baadhi ya mitaa ya pembezoni huanza kazi isiyotangazwa. Mwenye nyumba ambaye shimo la choo chake limejaa huvizia mvua kubwa ya usiku, akatoboa ukuta wa shimo upande wa bondeni, na maji yakachukua yaliyomo hadi mtaroni, na kutoka mtaroni hadi uani kwa jirani. Wenyeji huliita jambo hilo kutapisha choo. Sheria hairuhusu, lakini halina gharama wala halihitaji fundi. Na hilo ndilo mshindani mkubwa wa kila kikundi cha vijana kilichowahi kujaribu kujiajiri kwa kuondoa tope la vyooni kwa njia iliyo safi.

Ukubwa wa tatizo unaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 5,383,728 katika mkoa huo, na kati yao 1,346,674 walikuwa Temeke. Mabomba ya majitaka huhudumia sehemu ndogo tu ya jiji; waliosalia hutumia vyoo vya shimo au makaro. Wataalamu wa usafi aghalabu hukadiria kwamba mtu mmoja huacha shimoni lita 40 hivi za tope kwa mwaka, baada ya maji kunyweka ardhini. Shimo lenye kina cha mita 3 na upana wa mita 1.2 huchukua lita 3,400 hivi. Nyumba ya kupanga yenye watu 20, basi, italijaza kwa muda wa miaka minne na ushei. Hiyo ni hesabu ya mahali pakavu. Katika mitaa ya mabondeni, ambako ardhi ni ya kichanga na maji hayako mbali na uso wa nchi, shimo halitoi maji bali huyapokea, na hujaa mapema zaidi.

Mayai ya minyoo mikubwa ya tumboni huweza kukaa hai udongoni kwa miezi mingi, hata miaka. Vimelea vya kipindupindu havina maisha marefu hivyo, lakini havihitaji muda mrefu: kisima kifupi kilicho jirani na choo kilichotapishwa chatosha. Ugonjwa uliozuka Kinondoni mwezi Agosti 2015 ulienea hata ukafika mikoa mingi ya Tanzania Bara.

Magari ya kunyonya majitaka yapo, lakini hayapenyi vichochoroni, na bomba lake hushindwa kuvuta tope zito lililochanganyika na vitambaa, chupa na takataka nyinginezo. Kwa hiyo kazi hiyo imekuwa ya watu ambao mji umewapa jina la vyura. Chura huvunja sakafu ya choo, hutia mafuta ya taa ili kupunguza harufu, kisha huingia shimoni na ndoo. Tope hufukiwa katika shimo jipya lililochimbwa palepale uani. Aghalabu hufanya kazi usiku, kwa kuona haya na kwa kuogopa mabwana afya. Hatari yake ni kubwa kuliko malipo yake: vigae na sindano humkata miguu, kuta za shimo huweza kumwangukia, na hewa nzito ya shimoni humlevya. Si haki kumcheka mtu huyo kwa jina alilopewa, maana bila yeye mitaa mingi isingekalika.

Jaribio la kwanza la maana la kumtoa chura shimoni lilifanywa kati ya mwaka 1988 na 1992, wakati shirika la WASTE la Uholanzi lilipoleta mtambo ulioitwa MAPET. Huo ulikuwa pampu ya mkono yenye gurudumu zito la kuzungusha, ikiunganishwa na tangi la lita 200 lililobebwa juu ya mkokoteni. Pampu ilitoa hewa tangini, na tope likavutwa kwa mpira mnene bila mtu kuligusa. Mtambo ulifanya kazi, lakini haukudumu. Mradi ulipokwisha, matengenezo, vipuri na usimamizi navyo vilipungua.

Mwaka 2007 hivi ikaja pampu nyepesi zaidi, Gulper, iliyobuniwa na Steven Sugden wa chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha London. WaterAid ikaijaribu Temeke pamoja na wajasiriamali wadogo. Kanuni yake ni ile ya pampu ya kisima. Ndani ya bomba la plastiki mna vali mbili, moja chini na nyingine katika fimbo ya mpini. Mpini unapovutwa juu, vali ya fimbo hufunga na kuinua tope, huku ile ya chini ikifunguka kupokea jingine. Mpini ukishushwa, mambo hugeuka. Ubora wake mkubwa ni kwamba fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuitengeneza na kuirekebisha. Udhaifu wake ni kina: tope la juu hutoka kwa urahisi, lakini lile lililoshikamana chini ya shimo hubaki. Hata hivyo mpangaji au mwenye nyumba asiye na fedha nyingi aweza kulipia mapipa machache, na choo kikatumika tena.

Lakini pampu ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Kikundi cha vijana kikipata vifaa, mavazi ya kinga na guta, bado kina swali moja: tope lipelekwe wapi? Guta likibeba mapipa sita ya lita 50, shimo lililotajwa hapo juu litahitaji safari 11 au 12. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti hupokea tope, lakini kwa kikundi kilichoko Mbagala kila safari ni mafuta, foleni na saa kadhaa. Ujira wote waweza kuishia barabarani, na hapo kishawishi cha kumwaga mtoni usiku huwa kikubwa. Kijana aliyeajiriwa ili aokoe mazingira huwa ameyachafua kwa ufanisi zaidi kuliko chura.

Mikopo isiyo na riba haiondoi tatizo hilo. Sheria ilirekebishwa mwaka 2018 ili halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Utaratibu ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata kwa masharti mapya. Fedha hizo zaweza kununua guta, lakini haziwezi kuufupisha mwendo.

Kigamboni, wakati ingali sehemu ya Temeke, shirika la BORDA la Ujerumani lilifuata njia nyingine, yaani kuusogeza mtambo wa kusafisha karibu na wateja. Katika mitambo midogo ya namna hiyo tope huingia kwanza katika chumba kisicho na hewa, ambamo bakteria hulimeng'enya na kutoa gesi ya kupikia. Maji hupitishwa katika changarawe iliyopandwa majani, na masalio huanikwa juani kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa kama mbolea, kwa sababu ya yale mayai ya minyoo. Mtambo hauhitaji umeme wala mhandisi wa kudumu, bali unahitaji kiwanja, na majirani wanaokubali kuwa nacho. Mbolea yenyewe huwafaa wakulima wa migomba, ambayo matunda yake hayagusi udongo. Kwa mchicha haifai.