Gari la Zamani, Injini Nyingine: Pima Breki Kwanza

Atokaye Singida mjini kwenda Nzega hana budi kuushuka mlima wa Sekenke, wilayani Iramba, kabla ya kuifikia mbuga ya Wembere. Mlima huo ni mtihani wa kila gari. Kuupanda hupima injini. Kuushuka hupima breki. Aghalabu mwenye gari kuukuu anayetia injini nyingine hufikiria kupanda tu, na hapo ndipo msiba huanzia.

Tuchukue mfano wa Land Rover 109, gari lililozoeleka mno mikoani. Toleo lake la tatu lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na mengi yalikuwa na injini ya petroli ya lita 2.25. Bodi yake ni ya aluminiamu, na chesesi yake hustahimili mashimo. Lakini injini hiyo ina kiu. Mzee aliyelirithi ili abebee alizeti huona faida yote ikiishia ndani ya tangi. Ndipo fundi humshauri atie injini ya dizeli ya Kijapani, ambayo spea zake zapatikana mjini.

Shauri hilo si baya, ila kazi yenyewe si ya kutoa na kutia. Injini ngeni haishikani na giaboksi ya kale, hivyo hapana budi lichongwe bamba la chuma la kuziunganisha. Bamba likipinda hata kidogo, klachi na beringi huliwa upesi. Tena dizeli aghalabu ni nzito zaidi, na springi za mbele hulemewa. Rejeta nayo yafaa ilingane na joto la injini mpya.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Gari likiwa na basta ya kusaidia breki, injini ya petroli ndiyo huifyonzea hewa kila inapovuta pumzi. Dizeli haina mfyonzo wa kutosha kwa kazi hiyo. Isipowekwa pampu ya kufyonza hewa, dereva atakanyaga pedali ngumu kama jiwe, huku magunia na abiria wakimsukuma mteremkoni.

Kwa hiyo, kabla fedha za ada ya watoto hazijaingia gereji, baba na mama wakae wapige hesabu pamoja. Waulize gharama ya injini, kisha ya breki, springi na rejeta. Wasisahau kadi ya gari: huandikwa namba ya injini na ya chesesi, na mabadiliko yapasa kuarifiwa Mamlaka ya Mapato. Namba zikitofautiana, taabu itawakuta siku ya ukaguzi, ya kuuza au ya kudai bima.

Fedha zikitosha injini peke yake, subirini mavuno mengine. Na gari likikamilika, lijaribiwe kwanza likiwa tupu, kisha na mzigo mdogo, kwenye mteremko mfupi karibu na nyumbani. Sekenke haihami, itawangoja.