Mkate wa Mayai wa Kuwekea Matunda: Tuoke au Tununue?

Mwezi wa Desemba, katika vijiji vya Mpanda, maembe huanguka usiku kucha. Asubuhi watoto huokota, hula na kushiba. Mengine huliwa na mbuzi. Yanayobaki huoza chini ya mti. Ukiyapeleka sokoni, unakuta kila mtu ameleta maembe. Bei inakuwa ndogo, na wewe unarudi nyumbani na mzigo wako kichwani.

Lakini embe lile lile, likikatwa vipande na kupangwa juu ya mkate laini wa mayai, huwa kitu kingine. Watu hununua kipande kimoja kimoja siku ya mnada, au shuleni siku ya mahafali. Kwenye arusi huliwa baada ya pilau.

Mkate wenyewe si mgeni kwetu. Watu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu wameuoka tangu zamani. Wao huuita mkate wa mayai. Huula sana usiku wa Ramadhani na siku za Idi. Hutiwa mayai, sukari, unga wa ngano na iliki kidogo. Hautiwi mafuta wala hamira. Watu wa pwani hawakungoja umeme ili wauoke. Huweka makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Kwa hiyo hata sisi wa Katavi tunaweza.

Je, ni nini kinachouumua mkate huu kama hakuna hamira? Ni hewa. Unapopiga mayai na sukari kwa muda mrefu, hewa huingia na kukaa ndani kama vipovu vidogo sana. Mkate ukipata moto, hewa ile hutanuka na kuuinua unga. Kisha yai huiva na kuwa gumu, nao mkate hubaki umesimama. Ukilielewa jambo hili moja, umeelewa kazi yote. Mtu akivunja vipovu, ameuvunja mkate.

Nenda dukani ukanunue sukari robo kilo na unga wa ngano robo kilo. Tafuta mayai manane. Kama ni ya kuku wa kienyeji, ambayo ni madogo, tafuta kumi. Kama unataka mkate mdogo, nunua nusu robo ya kila kimoja, na mayai manne au matano.

Yatie mayai kwenye maji kwanza. Yai zima huzama. Linaloelea ni la siku nyingi na huenda ni bovu, litupe. Halafu vunja kila yai peke yake kwenye kikombe kabla ya kulichanganya na mengine. Mayai ya nyumbani huwa na siri. Pengine kuku alikwisha kuyalalia siku tatu, na wewe hujui. Yai moja bovu litaharibu saba mazima.

Tia mayai na sukari katika bakuli safi lisilo na mafuta. Piga kwa uma, au kwa kile chombo cha nyaya cha kupigia mayai. Usichoke. Kazi hii huchukua dakika 20 au zaidi, na ni vizuri mkapokezana watu wawili. Mayai yatageuka rangi, yatakuwa meupe na mazito, na yataongezeka sana. Inua uma, uache uji ule udondoke. Kama alama yake inabaki juu kwa muda kabla ya kuzama, basi tayari. Kama inazama mara moja, endelea kupiga.

Sasa chekecha unga, uumwage juu kidogo kidogo. Hapa usipige tena! Changanya polepole kwa mwiko, ukitoa chini na kuleta juu, mpaka usione unga mkavu. Tia iliki ukipenda. Mimina katika sufuria uliyoipaka mafuta na kuinyunyizia unga, kisha uoke hapo hapo. Ukiuacha ukae wakati unawasha moto, hewa itatoka. Kwa hiyo moto uwe tayari kabla hujaanza kuchanganya unga.

Kuhusu moto, nitasema zaidi, maana hapo ndipo wengi tunapopoteza mayai yetu. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliweka makaa mengi chini na machache juu, kama mtu anayepika ubwabwa. Chini uliungua ukawa mweusi, na juu ulikuwa uji. Mayai manane yakaenda kwa kuku. Kumbuka kwamba mayai manane yangeweza kuwa vifaranga wanane. Hasara ile si ndogo kwa mtu wa kijijini.

Chukua sufuria kubwa. Tandaza mchanga mkavu ndani yake, unene wa vidole viwili. Weka makaa machache chini yake, uache mchanga upate joto. Kisha weka sufuria ndogo yenye mkate juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa bati au kifuniko kinachokaa vizuri, na panga makaa mengi juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Usifunue kabla ya dakika 20. Baridi ikiingia mapema, mkate hushuka katikati na haupandi tena. Baada ya muda huo choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Unapofunua, angalia majivu yasianguke ndani.

Jambo moja la hatari: usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo inaua. Oka nje, au mahali penye upepo wa kutosha.

Mkate ukipoa kabisa, chukua kisu chenye makali. Acha ukingo wa upana wa kidole kimoja kuzunguka pande zote, na katikati punguza kidogo ili pawe na shimo kama la sahani. Matunda yatakaa humo. Makombo ni haki ya watoto waliopokezana kupiga mayai.

Sasa, tununue badala ya kuoka? Mjini Mpanda kuna watu wanaooka keki na kuuza. Kama arusi ni kesho, na hujawahi kuoka, nunua. Angalia mambo haya: uwe mwepesi mkononi, unuke vizuri, na usiwe na doa lolote la ukungu. Ukiona ukungu mahali pamoja, usikubali kukatiwa kipande hicho ili uchukue kinachobaki. Ukungu huwa umeingia ndani ambapo jicho halioni. Lakini mkate uliokauka kidogo usiuogope. Maji ya matunda yataulainisha.

Kama unataka kuuza, chukua daftari lako na kalamu. Tuseme yai moja ni shilingi 500. Mayai manane ni shilingi 4,000. Tuseme robo ya sukari ni 800, robo ya unga ni 500, mkaa ni 700, iliki na mafuta ya kupaka ni 300. Jumla ni shilingi 6,300. Maembe ni ya mti wako. Ukikata vipande 12 na kuuza kila kipande shilingi 700, unapata 8,400. Faida ni 2,100.

Sasa tuseme umenunua mkate kama huo kwa shilingi 8,000. Ukiuza vipande vyote 12, faida yako ni 400 tu. Vikibaki vitatu, aliyeoka amepata 6,300, yaani fedha yake imerudi bila faida. Aliyenunua amepata hasara ya 1,700. Futa bei zangu, andika za soko la kwenu, kisha ufanye hesabu upya. Mwenye kuku wake atapata jibu tofauti na anayenunua mayai. Hata hivyo, asiandike kwamba mayai yake ni ya bure, kwa sababu angeweza kuyauza.

Tumalizie na matunda. Embe liwe limeiva lakini bado gumu kidogo. Embe bivu mno hutoa maji, na mkate huwa kama uji. Nanasi nalo lina maji mengi, kwa hiyo likate, uliache lichuje kwenye chungio. Ndizi hugeuka nyeusi upesi. Zinyunyizie maji ya ndimu.

Chukua yale maji yaliyochujika, uyachemshe na sukari kidogo na kijiko kidogo cha unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji baridi. Yakiwa mazito, yaache yapoe kidogo, kisha yamimine juu ya matunda. Matunda yatang'aa na hayatakauka. Wengine hupaka asali. Sisi tuna bahati, kwani Inyonga na sehemu nyingine za wilaya ya Mlele zina wafuga nyuki wengi. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Inaweza kumletea ugonjwa mbaya.

Mkate mtupu, ukifungwa vizuri, hukaa siku mbili. Ukishawekwa matunda, uliwe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukienda mnadani, beba mkate peke yake na matunda peke yake kwenye chombo chenye kifuniko. Yapange ukishafika, funika kwa kitambaa chepesi nzi wasitue, na kata kwa kisu ulichochovya katika maji safi yaliyochemshwa.